Wageni wanaohamia Mbeya na Iringa kupinga biashara ya watu: wanakuta nini huku kwetu?

Ukikaa Gangilonga mjini Iringa, au Forest pale Mbeya, haupiti muda mrefu bila kusikia kuna familia ya kigeni imepanga nyumba mtaani. Wengine ni Wamarekani, wengine Wajerumani, wengine Wakorea. Wametumwa na kanisa lao, watoto wao wanajifunza kucheza rede na watoto wa jirani, na mama wa nyumba anapambana na jiko la mkaa siku umeme ukikatika. Ukiwauliza wamekuja kufanya nini, baadhi yao siku hizi hawasemi wamekuja kujenga zahanati au kuchimba kisima. Wanasema wamekuja kupinga usafirishaji haramu wa binadamu.

Jirani akisikia hivyo hushangaa. Nani kasafirishwa? Watumwa tunawasoma kwenye vitabu vya historia, habari za Bagamoyo na Zanzibar. Huku kwetu hakuna minyororo.

Lakini muulize jirani huyo huyo habari za binti wa dada yake. Atakwambia yuko Dar es Salaam, anafanya kazi kwa watu. Alichukuliwa na nani? Na mama mmoja aliyekuja msibani. Anapigaje simu? Zamani alikuwa anapiga kwa simu ya bosi wake, siku hizi namba haipatikani. Tangu lini? Hapo jirani atanyamaza kidogo, ahesabu, aseme: tangu mwaka juzi, baada ya mavuno.

Makala haya yanahusu pengo hilo, kati ya jina kubwa linalotumiwa na wageni na jambo dogo, la kawaida, linalotokea kila mwaka Kilolo, Mufindi, Rungwe na Mbarali. Wasikilizaji wa vijijini ndio wenye watoto wanaoondoka. Ndio pia wanaofuatwa na wageni hawa wakiombwa ushirikiano, kwa hiyo ni vizuri kujua nani anatafuta nini.

Sheria inasemaje

Tanzania ina Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Ilitungwa baada ya nchi yetu kuridhia, mwaka 2006, itifaki ya Umoja wa Mataifa iliyopitishwa mwaka 2000 na kujulikana kwa jina la mji wa Palermo, Italia. Kwa lugha ya nyumbani, mambo matatu yakikutana kosa limetimia: mtu amechukuliwa, kusafirishwa au kupokelewa, njia iliyotumika ni uongo, vitisho, nguvu au kumtumia vibaya mtu mwenye shida, na lengo ni kumnyonya, iwe kwa kazi, kwa ngono au kwa namna nyingine.

Kwa mtoto, yaani yeyote aliye chini ya miaka 18, habari ya njia haiangaliwi. Hata kama hakudanganywa, hata kama alikubali mwenyewe, hata kama mama yake alisema sawa na kupokea nauli, ridhaa hiyo haimwokoi mshitakiwa mahakamani. Hapo ndipo wazazi wengi hushtuka, maana wamezoea kufikiri kwamba wakishakubali wao, mambo yamekwisha.

Halafu kuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Hii haisemi kwamba mtoto asifanye kazi kabisa. Inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, kazi isiyomdhuru afya na isiyomkosesha shule. Lakini inakataza kumfanyisha mtoto kazi ya ajira usiku, kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Sasa fikiria binti wa kazi wa miaka 15 pale mjini. Anaamka saa 10 alfajiri kuchemsha chai na kuwaandaa watoto wa shule. Analala baada ya baba mwenye nyumba kurudi, kula, na vyombo kuoshwa. Sehemu kubwa ya siku yake iko nje ya sheria, na hakuna aliyempiga hata kofi.

Kwa miaka mingi sheria ya 2008 ilikuwa na tundu kubwa. Aliyepatikana na hatia aliweza kulipa faini akaenda zake, na kwa mtu anayefanya biashara ya watu faini ni gharama ya biashara tu, kama ushuru wa mazao getini. Marekebisho ya mwaka 2022 yaliiondoa nafasi hiyo ya kulipa faini badala ya kifungo.

Usichanganye jambo hili na lile la wahamiaji wanaovushwa kwa magendo, ingawa barabara ni ile ile. Wahabeshi wanaokamatwa Mbeya na Tunduma, wakielekea Malawi, Zambia na hatimaye Afrika Kusini, wengi wao wamelipa wenyewe ili wavushwe. Juni 2012 zaidi ya 40 kati yao walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori, miili ikatupwa porini mkoani Dodoma. Safari iliyoanza kwa hiari inaweza kugeuka utumwa njiani, na polisi wanalijua hilo. Ila kwa msikilizaji wetu wa Ilula au Tukuyu, hatari iliyo karibu haiko kwenye lori. Iko kwenye siti ya basi, imekatiwa tiketi halali.

Kwa nini huku kwetu

Kwenye miji mikubwa kuna sifa iliyoenea kwamba wasichana wa Iringa ni wachapakazi, wavumilivu, hawajibu. Sifa hiyo imewaponza. Sikiliza watu wanavyozungumza: mtu wa Dar haombi kuajiri, anaagiza. "Niletee msichana kutoka kwenu." Neno ni lile lile analotumia kuagiza gunia la viazi au ndoo ya parachichi.

Anayeagizwa mara nyingi si mhalifu wa kwenye sinema. Ni shangazi, ni mke wa mjomba, ni jirani aliyehamia mjini, ni mtu mnayesali naye. Krismasi anakuja nyumbani na zawadi, Januari anarudi na msichana. Kipindi hicho hakikuja kwa bahati. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Ada ya sekondari ilifutwa mwaka 2016, lakini sare, madaftari, michango na chumba cha kupanga karibu na shule havikufutwa. Mzazi anayepiga hesabu hizo mwezi Desemba ndiye anayeletewa habari ya kazi.

Kuna sababu nyingine tusiyopenda kuitaja. Mikoa yetu imeumizwa na UKIMWI kuliko mingine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016/17 ulikuta watu wazima wenye maambukizi ni asilimia 11.4 Njombe, asilimia 11.3 Iringa na asilimia 9.3 Mbeya. Nyuma ya hesabu hizo kuna kizazi cha watoto waliolelewa na bibi. Bibi wa miaka 70 mwenye wajukuu wanne akiambiwa mmoja atakwenda kulishwa na kuvishwa mjini, unataka akatae kwa kutumia nini?

Na kuna barabara. Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 830, lami tupu, na mabasi ya usiku yameruhusiwa tena tangu mwaka 2023. Kwa wafanyabiashara ni neema. Kwa binti aliyepandishwa Ipogolo saa 4 usiku, maana yake ni kwamba hakuna mwalimu wala mwenyekiti wa kitongoji aliyemwona akiondoka.

Si wote wanaokwenda Dar. Wengine wanaishia kwenye baa na nyumba za wageni za Tunduma, mji wa mpakani ambako madereva wa malori husubiri siku kadhaa. Wavulana huvutwa na machimbo ya dhahabu ya Chunya. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti ikionyesha watoto wakifanya kazi migodini humo, huko Chunya na pia Geita na Kahama, wakishika zebaki kwa mikono. Wengine huvuka bahari. Shirika hilo hilo, mwaka 2017, lilieleza hali ya wanawake wa Kitanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu chini ya utaratibu wa kafala, ambao humfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja: pasipoti inachukuliwa, simu inachukuliwa, na akitoroka yeye ndiye mkosaji.

Mpaka kati ya malezi na unyonyaji

Hapa ndipo mgeni hupotea, na si kosa lake peke yake.

Kwetu mtoto ni wa ukoo. Mawaziri, maaskofu, walimu na wauguzi wengi wa nchi hii walisomeshwa na mjomba au shangazi wa mjini. Waliondoka kijijini na begi la nailoni, wakalala sebuleni, wakachota maji kabla ya kwenda shule, na leo wanashukuru. Mgeni anayefika na kuambiwa kwamba kila mtoto asiyeishi na wazazi wake amesafirishwa ataharibu jambo jema. Atakaa na wazee wa Pawaga au Kyela na kuwaambia kwamba mila yao ni uhalifu, nao watamwitikia "ndiyo mchungaji" kwa adabu, watakunywa soda yake, na hawatamwambia lolote tena.

Lakini mwenyeji naye ana uongo wake. Mila ile ile imekuwa blanketi la kufunikia. Mtu ambaye si ndugu anajiita shangazi. Ndugu wa kweli anamchukua mtoto "kumsomesha" na shule haionekani mwaka wa kwanza wala wa tatu. Tofauti ipo na inaonekana kwa macho, ukiuliza. Je, watoto wa mwenye nyumba wanasoma na huyu hasomi? Wanakula pamoja au yeye anakula jikoni baada ya wote? Anaweza kupiga simu nyumbani bila mtu kusimama pembeni yake? Akitaka kurudi kesho, ataruhusiwa, au ataambiwa kwanza alipe nauli iliyomleta?

Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote. Nauli hugeuzwa deni. Binti anaambiwa mshahara wa miezi ya kwanza unakatwa kufidia tiketi na fedha aliyopewa dalali. Miezi inapita, deni linaongezeka glasi iliyovunjika, linaongezeka dawa za malaria. Amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani wa kawaida anayelala kwa mwajiri. Ilikuwa fedha ndogo, lakini ilikuwa haki yake. Wapo wengi wasiofikia hata nusu yake, na wapo wanaoambiwa mshahara wao "unatunzwa".

Niliwahi kumtafsiria mgeni mmoja katika kijiji fulani cha Mufindi. Alikuwa mtu mwema, amejiandaa, ana karatasi za mafunzo. Aliuliza mkutano mzima: ni wangapi hapa wana mtoto aliyeuzwa? Kimya. Hakuna mkono hata mmoja. Baadaye, tukila, nilimwuliza mama aliyetupikia kama ana binti aliyeko mjini ambaye hawasiliani naye. Alikuwa nao wawili. Nilipotafsiri jibu lile, mgeni aliweka kijiko chini. Neno "kuuzwa" lilikuwa limefunga midomo ya mkutano mzima, maana ukilikubali umekubali kwamba wewe ndiye uliyeuza.

Wamisionari na watumwa: habari hii si mpya

Wakristo kutoka nje kuja kupambana na biashara ya watu ni jambo la zamani hapa. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, wakawa wanakomboa watoto kwa kuwanunua na kuwalea katika kijiji cha misheni. Soko la watumwa Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huo huo Waanglikana wakaanza kujenga kanisa lao kuu papo hapo. Huku juu, Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, nchi ikiwa bado na majeraha ya biashara ya pembe na watu, biashara ambayo watawala kama Merere wa Usangu walishiriki pamoja na wafanyabiashara wa pwani. Utumwa ulifutwa kabisa kisheria Tanganyika mwaka 1922 tu.

Mmisionari mmoja wa Kimoraviani, Elise Kootz-Kretschmer, aliyeishi kati ya Wasafwa, alifanya jambo ambalo wengi hawakulifanya. Aliketi akawasikiliza wanawake waliopitia utumwa, akaandika maisha yao. Majina ya akina Narwimba na Chisi yamebaki kwa sababu hiyo. Mwanahistoria Marcia Wright aliwarudia katika kitabu chake cha mwaka 1993. Ukisoma habari zao unakuta jambo tunalolijua mpaka leo: mwanamke aliye hatarini zaidi ni yule asiye na mume, kaka wala mjomba wa kumtetea. Yatima wa Kilolo hawi mbali na hapo.

Bagamoyo nayo ina somo, ingawa halifurahishi sana. Mtoto aliyekombolewa hakurudishwa kwao. Alibaki misheni, akalima shamba la misheni, akaoa au kuolewa misheni, chini ya ratiba na kengele ya misheni. Mara nyingi kwao kulikuwa hakujulikani au kulikuwa mbali mno, kwa hiyo tusiwahukumu haraka. Lakini leo kwao kunajulikana. Basi linafika. Nyumba ya hifadhi inayomweka binti miaka mitano wakati bibi yake yuko hai Makambako inapaswa kujieleza.

Mwaka wa kwanza wa mgeni

Turudi kwa familia iliyohamia mtaani. Kisheria anahitaji kibali cha ukaazi, na wamisionari na watu wa kujitolea kwa kawaida hupewa daraja C. Shirika lake linatakiwa liwe limesajiliwa, ama chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 au kwa njia inayohusu taasisi za dini. Akitaka kulea watoto katika makao, anahitaji leseni ya makao ya watoto na usimamizi wa ofisi ya ustawi wa jamii. Kuja kijijini kufanya kazi, abebe barua ya utambulisho kutoka wilayani au halmashauri. Mwenyekiti wa kijiji ana haki ya kuomba kuziona, na mgeni mkweli hatakasirika. Atafurahi, kwa kweli, maana swali unalomwuliza yeye ndilo anataka umwulize dalali.

Karatasi ni sehemu nyepesi. Lugha ndiyo inayochukua muda. Mgeni anajifunza shikamoo wiki ya kwanza, na kamwene au ugonile wiki ya pili, watu wanamcheka kwa upendo na kumpigia makofi. Miezi sita baadaye anaongea, lakini bado hasikii yasiyosemwa. Mama akisema "tunamshukuru Mungu" alipoulizwa habari za mwanawe, mgeni anaandika kwamba mtoto hajambo. Mwenyeji yeyote angesikia kwamba kuna jambo.

Halafu kuna upweke. Familia hizi zinaishi mbali na mama zao, zinauguliwa na watoto mbali na hospitali walizozizoea, zinakosa mazishi ya ndugu. Wengine hurudi kwao kabla ya mwaka wa pili kwisha. Ninalitaja hili kwa sababu moja. Mgeni huyu alihama akiwa mtu mzima, kwa hiari yake, ana pasipoti mfukoni, ana bima, ana tiketi ya kurudia, ana kanisa zima nyuma yake linalompigia simu. Na bado analia usiku mwaka wa kwanza. Binti wa miaka 14 wa Kilolo anahamia Dar bila hata kimoja cha hivyo. Kwake Dar ni ugenini sawasawa na Iringa ilivyo kwa mtu wa Minnesota. Wageni waliolielewa hilo kutokana na machozi yao wenyewe huwa wasaidizi wazuri kuliko waliolisoma kwenye semina.

Wanakosea wapi? Picha, kwanza. Mfadhili wa ng'ambo anataka kuona sura ya mtoto, na mfanyakazi anaipiga na kuituma. Sura ya binti aliyetendewa ubaya, ikishaingia mtandaoni, itamfuata mpaka siku ya kuolewa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kuchukua na kusambaza taarifa za mtu kuna masharti, na za mtoto zinahitaji uangalifu zaidi. Mzazi anaweza kukataa, na kukataa kusimnyime mtoto msaada. Vivyo hivyo dini. Binti anaweza kuwa Mwislamu, au Mkatoliki aliyepokelewa na Wapentekoste. Kumsaidia kusitegemee kubadili anakosali.

Kosa la pili ni kupenda uokoaji na kuchoka na kurudisha. Kumtoa binti kwenye nyumba ni siku moja. Kumrudisha nyumbani ni mwaka mzima: mama mwenye aibu, baba wa kambo asiyemtaka, njaa ile ile iliyomwondoa, na minong'ono kisimani kwamba huyu "ameshaharibika". Kama hakuna mbegu, mbuzi wawili, cherehani au nafasi ya kurudi shule, ataondoka tena kwa basi lile lile. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, hata ujauzito, kurudi shuleni, na hilo limefungua mlango ambao zamani ulikuwa umefungwa.

Wanaofanya vizuri, kwa nilivyoona, ni wale wanaokubali kuwa wa pili. Mgeni ana gari na fedha za mafuta. Afisa ustawi wa jamii ana mamlaka lakini hana gari. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lina sheria mkononi lakini halijui ni nyumba ipi. Anayejua ni jumuiya ndogondogo inayokutana kila wiki nyumbani kwa mtu, ni akina mama wa kwaya, ni mzee wa kanisa. Wao wanajua binti wa nani hajaonekana tangu Krismasi. Mgeni anayeegesha gari lake nyuma ya hao, akatumika pale alipoombwa, huzaa matunda. Masista wa Kikatoliki wameuelewa utaratibu huo kupitia mtandao wao wa kimataifa wa Talitha Kum ulioanzishwa mwaka 2009, ambao nguvu yake ni kwamba sista wa mji mmoja anamfahamu sista wa mji mwingine. Hapa nchini yapo mashirika ya Watanzania yaliyoanza kazi hii kabla ya wageni wengi: KIWOHEDE iliyoanzia Dar es Salaam, na WoteSawa ya Mwanza, iliyoanzishwa na Angela Benedicto ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mfanyakazi wa ndani.

Kanisa lina udhaifu wake pia, na tuseme wazi. Dalali mwerevu husali. Huja na salamu kutoka kwa mchungaji fulani wa mjini, na mzazi hupunguza maswali kwa heshima ya madhabahu. Mchungaji au katekista akiombwa kutoa barua ya kumtambulisha mtu anayetafuta wasichana, apige simu kwanza anakosema ametoka. Dakika tatu za vocha zinatosha.

Kabla hajapanda basi

Si kila safari ni mbaya, na wazazi wengi hawana uwezo wa kukataa kila kazi. Kama binti ameshafikisha umri na ameamua kwenda, yapo mambo ya kufanya usiku kabla ya safari, na hayahitaji mgeni wala mradi.

Mwombe anayemchukua kitambulisho cha taifa au cha mpiga kura, ukipige picha kwa simu au unakili namba kwenye daftari. Ongea kwa simu na mwajiri mwenyewe, si na aliyetumwa tu, umwulize mtaa, jina la mwenyekiti wa mtaa wake, na kazi yenyewe ni ipi. Mshahara utajwe kwa tarakimu, na nani analipa nauli kusemwe mbele ya shahidi. Mwende wote kwa mtendaji wa kijiji, aandike. Anayekataa kwenda kwa mtendaji amekupa jibu lako.

Kwa kazi ya nje ya nchi, asiende mtu kwa wakala ambaye hana leseni ya serikali. Mkataba usomwe kwa lugha anayoielewa kabla ya kuondoka, na nakala ya pasipoti ibaki nyumbani.

Halafu mfundishe binti namba mbili za simu kwa kichwa. Usitegemee zilizo kwenye simu, kwa kuwa simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Moja iwe yako. Nyingine iwe ya mtu asiyebadilisha laini ovyo, labda mwalimu au mama mchungaji. Na aijue 116, namba ya huduma ya simu kwa mtoto, ambayo hupigwa bure, hata na jirani anayemwona mtoto wa watu akiteseka ng'ambo ya ukuta. Kama ameshaondoka na hapatikani, usisubiri Krismasi nyingine. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya, ukiwa na chochote ulicho nacho: jina la aliyemchukua, namba ya zamani hata kama haiiti, jina la basi, tarehe. Hakuna atakayekufunga kwa kumtafuta mwanao.

Vijiji kadhaa vinaweza kuanza na daftari moja tu pale ofisini kwa mtendaji, la watoto wanaoondoka: jina, umri, anakwenda kwa nani, namba ipi. Kila baada ya miezi mitatu mtu wa kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto anazipiga namba zile. Ile isiyopokelewa mara tatu, anaizungushia duara.